Tezi Inapolegea: Kidonge, Habasoda na Dua Katika Nyumba Moja



Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi imekolea, nasi wanawake wa darsa ya Alhamisi tumejipanga ukumbini tukijipepea kwa vipepeo vya ukili. Mwenzetu mmoja alikaa pembeni, amejifunika leso mbili juu ya dera lake, na mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kushika barafu. Tulimtania. Tukamwambia kwamba baridi ya Mombasa haijapata kumwua mtu. Akacheka nasi, lakini kicheko kilitoka kizito na cha kukwaruza. Hilo lilitushangaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitusomea Qur'ani kila tunapofungua darsa, na sauti yake ilijulikana mtaa mzima.

Hatukuuliza zaidi. Tuliona amenenepa, tukasema ni raha ya ndoa. Tuliona anasinzia kabla ya Isha, tukasema watoto wanne si mchezo. Nywele zilipoanza kumtoka na nyusi zake kupungua pembeni, mmoja wetu alinong'ona kwamba ni husda, na neno hilo likatuingia sote kwa urahisi. Tukamtafutia mtu wa kumsomea. Kusomewa hakukuwa kosa. Kosa letu ni kwamba tuliishia hapo, na mwaka mzima ukapita.

Makala haya tunayaandika kwa idhini yake, bila ya kulitaja jina lake. Yeye mwenyewe ametuomba tuyaandike, kwani anaamini kwamba katika nyumba zetu wamo wanawake wengine wanaotetemeka ndani ya joto na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Tezi ndogo, kazi kubwa

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo yenye mbawa mbili. Vitabu vya sayansi huiita tezi dundumio, na madaktari wetu huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, kubwa ikiwa ni thairoksini, ambayo huenda kila pembe ya mwili na kuuamrisha uchome chakula kwa kasi ipasayo. Moyo hupiga, tumbo husaga, ngozi hujijenga upya na akili hukumbuka, vyote kwa mwendo unaotegemea homoni hiyo.

Tezi ikilegea, kila kitu hupunguza mwendo. Mgonjwa huhisi baridi wenzake wakitokwa na jasho. Huchoka hata baada ya kulala usiku kucha. Choo huwa kigumu, ngozi hukauka, uso na kope huvimba asubuhi, sauti hukwaruza, mapigo ya moyo huwa ya polepole, na uzito huongezeka ingawa hamu ya chakula haikuzidi. Wengine huingiwa na huzuni isiyo na sababu, na wengine husahau hata rakaa walizoswali. Dalili hizi haziji kwa siku moja. Hujikusanya taratibu, na kwa sababu hiyo aila nzima huzizoea bila ya kutambua.

Sababu kubwa za kulegea huku ni mbili. Ya kwanza ni upungufu wa madini ya iodini katika chakula, ambao ndio uliokuwa ukiwaletea watu wa bara na milimani rovu kubwa shingoni. Ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida pale ambapo iodini inapatikana, ni kinga ya mwili kuigeukia tezi yenyewe na kuila kidogo kidogo. Ugonjwa huo huitwa Hashimoto, kwa jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na aghalabu hupita katika ukoo, kutoka kwa mama au shangazi hadi kwa binti. Wengine tezi yao hulegea baada ya kufanyiwa upasuaji wa shingo au kutibiwa kwa mionzi.

Kuujua ugonjwa huu hakuhitaji ramli. Ni kipimo cha damu. Chini ya ubongo iko tezi nyingine inayotuma homoni iitwayo TSH ili kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, himizo huzidi, kwa hiyo TSH hupanda. Kwa watu wazima wengi kipimo cha kawaida huwa baina ya 0.4 na 4, ingawa kila maabara huandika mipaka yake, na daktari hukisoma pamoja na kipimo cha thairoksini yenyewe. Dada zetu wanaotumia vidonge vya bayotini kwa ajili ya nywele na kucha wamwambie daktari kabla ya kutolewa damu, kwani bayotini inaweza kuyapotosha majibu.

Majina tunayoipa

Kabla hatujafika maabara, maradhi haya huwa tumekwisha kuyapa majina yetu. Mke huitwa mvivu. Binti huambiwa amejiachia. Mjane huambiwa ana mawazo. Na mwanamke aliyekawia kushika mimba huambiwa mengi ambayo hatutayaandika hapa, ilhali tezi iliyolegea ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuchelewesha mimba au kuiharibu, na ni mojawapo ya yale yanayotibika.

Jambo moja linawahusu wanawake peke yao, nao huona haya kulisema. Tezi iliyolegea inaweza kuifanya hedhi iwe nzito na ndefu. Mwanamke hubaki wiki mbili, wiki tatu, hajui aswali au asiswali. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, mwisho wa hedhi ni siku 15, na damu inayopindukia hapo huingia katika hukumu ya istihadha, ambayo maelezo yake huulizwa kwa mwenye elimu. Tunakumbuka kwamba Fatima binti Abi Hubaysh (R.A.) alipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kuhusu damu isiyokatika, alimfahamisha kwamba hiyo ni mshipa, wala si hedhi, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume aliielekeza akili yake kwenye sababu ya kimwili na akamfundisha namna ya kuswali. Kwa hivyo mwanamke wa leo ana maswali mawili ya kuuliza: la swala kwa mwalimu wake, na la damu kwa daktari. Moja halilifuti jingine.

Mwenzetu alipata jawabu mahali ambapo hatukutarajia. Alimpeleka mtoto wake wa mwisho chanjo, na muuguzi aliyekuwa akimpima mtoto akaitazama shingo ya mama.

"Mama, shingo hii ina muda gani hivi?"

"Ipi, mwanangu? Mimi nimenenepa tu."

"Hapana, mama. Hebu meza mate nione."

Siku tatu baadaye majibu ya damu yalirudi. TSH yake ilikuwa imepanda mara nyingi kupita kiasi. Alianzishiwa vidonge vya levothairoksini, kidonge kimoja kila siku, na kufikia mwisho wa mwezi wa pili alikuwa amezivua zile leso.

Kutafuta tiba ni Sunna

Walikuwepo waliomwuliza mwenzetu kama kumeza kidonge kila siku ya maisha yake si kupungukiwa na tawakkul. Swali hili ni la zamani, na limejibiwa zamani. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.), kwamba mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) iwapo watafute dawa. Akawaagiza watafute, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa yake, isipokuwa uzee.

Iko riwaya nyingine kwa Abu Daud ambayo tungependa kila nyumba iijue. Saad (R.A.) aliugua, Mtume (S.A.W.) akaenda kumzuru, akauweka mkono wake kifuani pake. Kisha akamwelekeza aende kwa al-Harith bin Kalada, wa kabila la Thaqif, kwa kuwa ni mtu mwenye kujua utabibu. Na papo hapo akataja tende saba za ajwa za Madina zisagwe pamoja na kokwa zake, anyweshwe. Tazameni yaliyokusanyika katika ziara moja: mkono wa huruma, tabibu mwenye ujuzi, na tende. Mtume hakumtaka Saad achague kimoja.

Waislamu waliokuja baadaye walishika njia hiyo. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika katika kitabu chake al-Tasrif juu ya upasuaji wa uvimbe wa shingo. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus wa karne ya 14, alipokusanya mafunzo ya tiba ya Mtume, alisisitiza kwamba kutumia dawa hakupingani na tawakkul, kama vile kula hakupingani nayo kwa mwenye njaa.

Na kwa wale wanaojitia utabibu, imepokewa na Abu Daud na Nasai kwamba mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Maneno haya ni mazito kwa kila anayeuza chupa isiyo na karatasi.

Chupa iliyokaribia kumwua

Tunasema hivyo kwa sababu chupa kama hiyo ilimfikia mwenzetu. Alikwisha kupata nafuu, sauti yake imerudi, anatusomea tena. Akaja mtu aliyesifiwa sana, akamwuzia dawa ya maji kwa maelfu ya shilingi, na akampa sharti moja: aviache vidonge vya hospitali, kwani eti vinaitangua dawa ya mitishamba. Akaviacha. Wiki ya kwanza akawa mzima, ya pili mzima, ya tatu bado mzima. Tukaisifu ile chupa, na wawili wetu wakaagiza zao.

Lau tungejua namna kidonge kile kinavyofanya kazi, tusingedanganyika. Levothairoksini hudumu mwilini muda mrefu. Huchukua takriban siku saba kupungua nusu yake, na siku saba nyingine kupungua nusu ya nusu. Mtu akiiacha leo, mwili huendelea kula akiba kwa wiki kadhaa. Nafuu aliyokuwa nayo mwenzetu ilikuwa ya vidonge alivyokwisha kuviacha, na chupa ikachukua sifa.

Mwezi wa tatu mume wake alimkuta mchana amelala mkekani, uso umevimba, mwili wa baridi, akiitwa haitiki vizuri. Alilazwa siku tisa. Tezi iliyolegea sana bila ya tiba inaweza kumtia mtu katika usingizi mzito unaoondoa roho, na daktari alisema kwamba alikuwa mlangoni pake. Sisi tuliokuwa tumeisifu chupa tulikaa nje ya wodi tukisoma Yasini, na hakuna aliyeweza kumtazama mama yake machoni.

Vya nyumbani na nafasi yake

Hatuandiki haya ili watu wazitupe habasoda zao. Tunaandika ili kila kitu kikae mahali pake.

Habasoda imesifiwa na Mtume (S.A.W.) katika hadithi sahihi kuwa ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, na wanavyuoni wengi wameeleza kwamba hutumika kwa kipimo na kwa namna inayofaa ugonjwa wenyewe. Sayansi nayo imeanza kuitazama. Mwaka 2016 watafiti wa Tabriz, Iran, walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 wa Hashimoto. Baadhi yao walipewa gramu 2 za unga wa habasoda kila siku kwa wiki nane, na TSH yao pamoja na uzito wao vikapungua kuliko wale ambao hawakupewa. Ni habari ya kutia moyo, lakini watu 40 ni wachache na wiki nane ni fupi, na utafiti huo haukumwambia mtu yeyote aache kidonge chake. Anayetaka kutumia habasoda aile kwa kiasi, amwambie daktari, na asiimeze pamoja na kidonge. Mwenye sukari au presha ajue kwamba inaweza kuvishusha vyote viwili, na mja mzito asiitumie kwa vipimo vya dawa.

Asali imetajwa katika Sura an-Nahl kuwa ndani yake mna shifaa kwa watu. Kwa mgonjwa wa tezi inasaidia koo na kumtia nguvu, lakini haiongezi homoni iliyopungua, na mwenye kisukari aihesabu kama anavyohesabu sukari.

Talbina, ule uji wa shayiri ambao Bi. Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza apikiwe mgonjwa na mfiwa, unafaa sana hapa. Unalainisha choo, ambacho ndicho kilio cha wagonjwa wengi wa tezi, na unatuliza moyo wenye huzuni. Lakini makapi ya nafaka yanaweza kuizuia dawa isinyonywe vizuri, kwa hiyo uji uje baada ya kidonge, saa nzima ikishapita.

Hijama ni Sunna, na wapo wanaopata nafuu ya maumivu. Tunatahadharisha mambo matatu. Mwanamke mwenye hedhi nzito aghalabu ana upungufu wa damu, basi apimwe damu kwanza kabla ya kuitoa nyingine. Wembe uwe mpya, na ufunguliwe mbele yake, kwa kuchelea virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Na mbele ya shingo pasiguswe kabisa. Kuchanja chale juu ya rovu ni hatari, kwani chini yake imepita mishipa mikubwa.

Ruqya, kwa Fatiha, Ayatul Kursiyyu na sura za kinga, msiiache. Msomeeni mgonjwa, au bora zaidi ajisomee mwenyewe, asubuhi na jioni. Mwenye kusoma kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hatamkataza mgonjwa kwenda hospitali. Akimkataza, hiyo ni ishara ya kumwepuka.

Wapo pia wanaotafuta vidonge vya tezi "vya asili" kutoka ng'ambo wakidhani ndivyo vya salama na vya halali. Hapa pana mtego. Kabla ya mwaka 1891 ugonjwa huu haukuwa na dawa. Mwaka huo daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama wa miaka 46 maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo, na mama huyo akaishi miaka 28 zaidi. Baadaye, mwaka 1914, thairoksini ikatengwa peke yake, na mwaka 1927 wanasayansi wakaweza kuiunda wenyewe bila ya mnyama. Levothairoksini ya leo huundwa kiwandani. Lakini vingi katika vile vinavyoitwa vya asili hutengenezwa kwa tezi za nguruwe zilizokaushwa. Someni karatasi kabla ya kununua.

Jikoni

Wengi wetu tunaamini kwamba watu wa pwani hawawezi kupungukiwa na iodini, maadamu tunapumua bahari. Samaki ndio, wanayo: changu, tafi, nguru, kamba na hata dagaa. Mayai na maziwa nayo yanayo. Lakini chumvi ya bahari ikikaushwa kwa jua hubakiwa na iodini kidogo mno. Chumvi inayotoka katika mashamba ya Gongoni na Marereni, Kaunti ya Kilifi, huwa na faida hiyo kwa sababu iodini huongezwa kiwandani, na sheria ya Kenya inataka iongezwe. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni, au zile za rangi zinazouzwa ghali kwa jina la asili, huenda hazina. Nunueni iliyoandikwa kuwa ina iodini, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moto, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Kiasi ni kile kile, kisizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa ajili ya presha.

Muhogo una kemikali ambayo, ukiliwa kwa wingi bila ya kuandaliwa vizuri, huizuia tezi isichukue iodini. Umenyeni, uroweke, uchemsheni uive sawasawa. Muhogo wa nazi wa mwisho wa wiki, kwa mtu anayekula samaki na chumvi yenye iodini, hauna neno. Kabichi nayo, ikiiva, ni hivyo hivyo.

Mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, umekuwa ukisifiwa siku hizi kuwa ni dawa ya tezi. Mwani una iodini, na aina nyingine za mwani zina nyingi kupita kiasi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Mwenye Hashimoto akijijaza iodini, tezi inaweza kulegea zaidi, kwa sababu ugonjwa wake haukutokana na upungufu huo. Kwa hiyo unga wa mwani au vidonge vya iodini visitumiwe bila ya ushauri.

Kidonge na saa zake

Kidonge cha tezi kina adabu zake, na wengi wanaosema hakiwafai hawajazitimiza. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Maziwa na kahawa huipunguza nguvu yake, basi ile kahawa tungu na ile chai ya maziwa kwa mahamri na mbaazi visubiri. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu viachane nacho kwa saa nne. Wengi wameona wepesi kukiweka karibu na birika la udhu: wakiamka kwa Alfajiri wanakimeza, wanaswali, wanasoma nyiradi zao, na saa imepita.

Ramadhani isiwe sababu ya kukiacha. Mwenye kufunga anaweza kukimeza nusu saa au zaidi kabla ya daku, au usiku kabla ya kulala, saa tatu au nne baada ya chakula. Achague wakati mmoja, ashikamane nao mwezi mzima, na amwulize daktari kabla ya Shaabani kwisha.

Kila kipimo cha dawa kikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Msizidishe wenyewe mkitaka kupungua mwili, wala msiazimane vidonge. Dawa ikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika. Mwendo wa miguu baada ya Alfajiri, iwe ni Mama Ngina au ufukoni kwenu, na usingizi wa mapema, husaidia kuliko tunavyodhani.

Mja mzito, mzazi na mtoto

Mwanamke mwenye ugonjwa huu akijua tu kwamba ana mimba, aende kwa daktari wiki hiyo hiyo. Miezi ya mwanzo mtoto hana homoni yake mwenyewe. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama, na aghalabu kipimo cha dawa huhitaji kuongezwa.

Arubaini ikikwisha, wakunga na mabibi wetu watazame zaidi. Baadhi ya wanawake tezi zao huvurugika baada ya kujifungua: kwanza moyo mbio na jasho, kisha, miezi michache baadaye, uchovu, baridi na machozi. Mzazi wa namna hiyo asiambiwe kwamba hakukandwa vizuri. Apimwe.

Na mtoto mchanga aliye mtulivu mno, anayelala bila ya kudai ziwa, mwenye manjano isiyokwisha, choo kigumu na ulimi mkubwa, asisifiwe kwa upole wake. Akitibiwa katika wiki mbili za mwanzo, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu akili yake husalimika. Akicheleweshwa, kilichopotea hakirudi.

Mwenzetu leo

Mwenzetu alirudi nyumbani, na mavyaa yake ndiye aliyeishika kazi ya kumwamsha. Kila Alfajiri humgongea mlango na gilasi ya maji mkononi.

"Mwanangu, amka. Kidonge kwanza."

"Labeka, mama."

Alasiri humletea kijiko cha habasoda na asali alichokisaga kwa mkono wake, na baada ya Magharibi humsomea, mkono juu ya kichwa chake. Damu yake hupimwa kila daktari anapoagiza, na karatasi zote mama huyo huzihifadhi katika sanduku lake la nguo pamoja na vyeti vya nyumba.

Sisi tumeweka ada mpya katika darsa yetu. Mwenzetu akibadilika, sauti, mwili, nywele au furaha yake, tunamwuliza kabla ya kumsema, na mmoja wetu hufuatana naye maabara. Wawili walikwisha kupimwa. Mmoja yu mzima. Wa pili ameanza dawa mwezi huu, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunong'ona neno husda.

Tunamwomba Mola Mponyaji awaponye wagonjwa wetu, atupe macho ya kuwaona walio karibu nasi, na asitujaalie kuwa sababu ya madhara kwa ndimi zetu. Amin.